Nyonga ya kulia inaniuma kila nikikimbia, wakimbiaji wa Nakuru na Kisumu hebu tusaidiane

Jogi_wa_Kiamunyi
Habari zenu wana uzi. Niko Kiamunyi hapa Nakuru, nakimbia asubuhi kabla ya kazi, kawaida yangu ni barabara ya Kabarak kwenda na kurudi halafu Jumamosi napanda Menengai, ule mlima wenye kreta. Tangu nianze kujiandaa kwa nusu marathoni nyonga ya kulia imeanza kuleta shida. Si ndani, ni pembeni kabisa, ule mfupa unaougusa ukishusha mkono kidogo chini ya kiuno, hapo hapo. Nikianza kukimbia niko sawa, nikifika kama kilomita ya nne inaanza kuchoma polepole, nikimaliza nikae kwa kiti alafu nisimame lazima nichechemee hatua kadhaa ndio mguu ukubali. Usiku nikilalia upande huo naamka. Kwa kemisti nilipewa diclofenac ya kupaka na ya kumeza, inatulia, nikirudi barabarani na yenyewe inarudi. Huyu ananiambia niache kukimbia kabisa, yule ananiambia ninyooshe misuli zaidi, na kuna mama kazini anasema ni baridi ya Nakuru imeingia kwa mfupa 😂. Nani amepitia hii na akatoka?

Kabambe_58
Pole buda. Umri je? Ukishavuka thelathini na tano mwili unaanza kudai madeni.

Jogi_wa_Kiamunyi
Arobaini na moja. Madeni yote yamekuja pamoja 😅

Msupa_wa_Lanet
Paka maji moto na chumvi, chua na mafuta ya nazi, lala. Mimi ya goti iliisha hivyo.

Kabambe_58
Goti na nyonga ni majirani lakini si mtu mmoja dada.

Fizio_wa_Ziwani
Mimi ni fizio, mtu wa tiba ya viungo kwa mazoezi, niko Kisumu. Kumtibu mtu kwa simu siwezi, lakini kabla hamjamjazia mafuta na chumvi tumuulize maswali kwanza, juu "nyonga" kila mtu anaonyesha mahali pake. Kuna anayeshika kinena, kuna anayeshika makalio, kuna anayeshika pembeni kama wewe, na hayo ni magonjwa tofauti kabisa. Ikiuma mbele kwa kinena tunafikiria kiungo chenyewe, yaani mpira wa mfupa na shimo lake, au misuli inayoinua paja. Ikiuma nyuma na kushuka mguuni na kama ganzi hivi, tunaangalia mgongo kwanza. Ikiuma pembeni mara nyingi ni kano za misuli ya makalio pale zinaposhikana na mfupa wa paja. Sasa nijibu:
Ukisimama na mguu mmoja tu, huo unaouma, uhesabu mpaka thelathini, unauma pale pembeni?
Unaweza kuvaa soksi na kufunga kamba za viatu bila shida?
Ukiruka kidogo kwa mguu huo kuna maumivu makali ndani ya kinena?
Usiku inauma hata ukilala chali bila kuigusa?
Na kilomita umeongeza aje?

Jogi_wa_Kiamunyi
Asante daktari. Nimejaribu sahi hivi hapa ofisini watu wakiniangalia. Kusimama na mguu mmoja ndio, imeanza kuuma nikifika kama kumi na tano. Soksi sina shida. Kuruka hakuna kitu kwa kinena. Usiku nikilala chali iko sawa, ni pembeni tu. Kilomita nilikuwa kama ishirini kwa wiki sasa niko karibu arobaini, juu ya ile ratiba ya nusu marathoni ya kwa simu. Na Menengai nimeongeza.

Fizio_wa_Ziwani
Sawa, hapo tuna picha. Mimi si daktari, ni fizio, lakini asante 😀

Hiyo inafanana sana na kano za pembeni ya nyonga zilizochoka. Zamani wengi walikuwa wanaita kuvimba kwa kifuko cha maji, na kifuko kweli kipo hapo, ila mara nyingi shida kubwa iko kwa kano yenyewe. Inawapata wakimbiaji na inawapata sana akina mama wa kuanzia miaka arobaini hata wasiokimbia. Umeongeza kazi karibu mara mbili, kano haikupewa nafasi ya kuzoea, ndio hiyo inalalamika.

Sasa sikia vizuri hapa, juu ndipo watu wengi huharibu. Hiyo kano haipendi KUBANWA. Inabanwa na ule mfupa kila mguu ukivuka kuelekea upande wa pili. Kwa hivyo ile kunyoosha umeambiwa, ya kukunja mguu na kuuvuta kifuani kuelekea bega la pili, au kusimama umekunja miguu mkasi ukiinama pembeni, WACHA. Unasikia raha dakika mbili alafu kesho yake ni mbaya zaidi, si ndio?

Jogi_wa_Kiamunyi
Maze ni kama ulikuwa kwa nyumba yangu. Hiyo ya mkasi nafanya kila jioni.

Fizio_wa_Ziwani
Eeh. Ingine: kukaa na mguu juu ya mguu, wacha. Kusimama kwa stegi ukingoja matatu umeegemea nyonga moja, ile nyonga inatokeza nje na mguu wa pili umelegea, wacha, simama na miguu yote miwili. Usiku lala upande usiouma na uweke mto mnene katikati ya magoti, uanzie magotini ufike mpaka kwa vifundo, juu ukiweka ka-mto kadogo goti la juu litaanguka tu mbele na kano itabanwa usiku kucha. Hii ya mto watu wanaidharau lakini ndiyo inayoleta nafuu ya kwanza.

Kukimbia usiache kabisa kama maumivu yanavumilika. Kipimo tunachotumia ni sifuri mpaka kumi. Ukikimbia isipite tatu, na kesho asubuhi ukitoka kitandani isiwe mbaya kuliko jana asubuhi. Ikiwa mbaya, punguza. Vilima weka kando kwanza, hasa KUSHUKA, na spidi weka kando. Ukipumzika tu bila kuimarisha misuli, maumivu yatatulia, siku ukirudi kano iko dhaifu kuliko ulivyoiacha na mnaanza tena mwanzo.

Mzee_wa_Kapsabet
Chamgei. Mimi nimekimbia tangu nikiwa shule ya msingi, viatu nilivaa nikiwa sekondari, na hizi kano sijawahi sikia. Shida ya nyinyi watu wa town ni mnakimbia kila siku kama mnafukuzwa. Nenda Iten kwa kambi za wakimbiaji uangalie. Alhamisi ni fartlek, ile ya kukimbia kasi alafu pole kwa zamu, na hapo ni kazi kweli kweli, lakini ile siku ya pole utashangaa, mtu ameshinda mbio za dunia anaanza mwendo hata wewe unampita, wanaongea, wanacheka, na wako kwa murram si lami. Nyinyi mkipewa saa ya kuonyesha spidi basi kila asubuhi ni fainali.

Jogi_wa_Kiamunyi
Mzee heshima yako, hapo kwa saa umenipata.

Fizio_wa_Ziwani
Mzee Kapsabet shikamoo, hapo tuko pamoja asilimia mia. Naongeza tu kwamba hao wa kambi kubwa pia wanafanya mazoezi ya viungo, mkeka chini na raba ya kuvuta, si kukimbia peke yake.

Omera_wa_Dunga
Wacha niulize kitu hakuna mtu ameuliza. Unakimbia upande gani wa barabara? Juu lami haiko tambarare, imeinuliwa katikati ndio maji ya mvua yateremke pembeni. Ukikimbia ukingoni siku zote upande huo huo, mguu mmoja unakanyaga chini kuliko mwingine kila hatua, na nyonga ya upande mmoja inainama. Zidisha hiyo kwa kilomita kumi. Mimi nilikuwa nakimbia hii ya kuteremka Dunga, kwenda na kurudi nakaa kulia nikiangalia magari, na kushoto hakukuwa na shida, ni kulia tu. Nilipohamia uwanjani na kwa njia za vumbi ilipungua sana.

Jogi_wa_Kiamunyi
Eish. Mimi pia nakaa kulia nione magari yakija, kwenda na kurudi.

Omera_wa_Dunga
Na usihame ukimbie na magari nyuma yako sasa! Hapo heri nyonga iume. Tafuta murram au uwanja, huko Nakuru hamkosi.

Kabambe_58
Tangu Nakuru tuwe jiji 2021 kila mtu anataka kukimbia kwa lami mpya 😂. Barabara za ndani za Milimani asubuhi mapema hazina magari, unaweza kukaa katikati kabisa.

Fundi_wa_Raba_Kibuye
Mimi nauza raba za mitumba hapa soko la Kibuye, Kisumu. Mleta uzi geuza kiatu chako uangalie soli. Watu wanakuja hapa wanaangalia juu tu, rangi na jina, kiatu kimeoshwa kinang'aa. Mimi nawaonyesha: kiweke juu ya meza, nyuma ikuangalie wewe, usishike. Kama kimeinama upande mmoja hicho kilikuwa cha mtu mwenye mwendo wake na sasa unataka kukimbia na mwendo wa mtu usiyemjua. Pili bonyeza ile sponji ya katikati na kidole gumba, kama ni ngumu na ina mikunjo mikunjo pembeni imekwisha hata kama chini meno bado yapo. Kiatu cha kukimbia sponji yake inachoka kama kilomita mia tano mpaka mia nane hivi, kutegemea na uzito wako na kiatu chenyewe. Cha mtumba hujui kilishakula ngapi.

Jogi_wa_Kiamunyi
Nimeangalia. Cha kulia kimelika nje nyuma mpaka sponji nyeupe inaonekana, cha kushoto kiko tu sawa.

Fundi_wa_Raba_Kibuye
Hicho kipe mtu wa kwenda shamba nacho.

Fizio_wa_Ziwani
Kiatu ni sawa kubadilisha ila usitegemee kiatu peke yake kuponya. Hiyo kulika upande mmoja inaweza kuwa dalili ya venye nyonga inainama, si lazima iwe ndiyo chanzo.

Haraka_Njoro
Mimi dawa yangu ni brufen mbili kabla ya mbio ndefu, nyonga haisemi kitu mpaka nimalize. Mnahangaika bure.

Fizio_wa_Ziwani
Ndugu wa Njoro, hiyo tafadhali acha. Kwanza umezima kengele alafu unaendelea kuchoma nyumba. Pili brufen na diclofenac zote zinabana damu inayoenda kwa figo, na ukikimbia umetoka jasho, huna maji ya kutosha, figo tayari ziko kwa shida, hapa Kisumu joto likipanda ndio usiseme. Vidonda vya tumbo pia. Na msimeze zote mbili pamoja, ni jamii moja hizo. Ukizihitaji kwa siku chache sababu maumivu yanakunyima usingizi, uliza daktari, meza baada ya kula, lakini SI ndio ukimbie.

Haraka_Njoro
Haya mama, nimesikia. Lakini nusu marathoni nilimaliza 😎

Mrembo_wa_Shinyalu
Mulembe. Nimesoma uzi wote na nataka kusema kitu kwa wale mnasoma kimya na maumivu yenu hayafanani na ya mleta uzi. Yangu ilikuwa kwa kinena. Sio pembeni. Ilianza kama kitu kidogo ndani ndani huku mbele nikikimbia, nikipumzika inapotea, baadaye ikawa hata nikitembea kwenda sokoni, mwisho usiku nimelala tu inauma. Nilienda kliniki fulani wakapiga eksrei wakasema hakuna kitu, ni misuli, endelea polepole. Nikaendelea. Siku moja nikiruka mfereji nikashindwa kukanyaga kabisa. Hospitali kubwa ndio walisema nipigwe MRI, ikaonyesha ufa kwa shingo ya mfupa wa paja, ule unaotokana na kukimbia sana. Daktari wa mifupa aliniambia nina bahati ufa ulikuwa upande wa chini wa shingo ya mfupa, upande unaosukumwa pamoja, ungekuwa upande wa juu unaovutwa ningeingia tieta kuwekwa vyuma haraka kabla haujavunjika kabisa. Nilitembea na magongo muda mrefu sana bila kukanyaga.

Na kingine aliniuliza nikaona haya kujibu mbele ya mume wangu: kama naona mwezi wangu. Nilikuwa sijauona kwa muda na nilifikiria ni kawaida ya mkimbiaji, hata nilifurahia. Kumbe mwili ulikuwa haupati chakula cha kutosha kwa kazi niliyokuwa naupa, na mfupa ndio unalipa. Wadada mnaokimbia huku mkikata ugali mkitaka kupungua, hilo swali mjiulize.

Fizio_wa_Ziwani
Asante sana dada, na pole. Hii posti ningeomba ipandishwe juu. Eksrei ya mapema mara nyingi haionyeshi ufa wa aina hiyo, kwa hivyo "eksrei iko safi" si ruhusa ya kukimbia. Mkimbiaji mwenye maumivu ya kinena yanayoongezeka akikanyaga, akiruka kwa mguu mmoja yanachoma, yanauma usiku, huyo asimame SIKU HIYO, asijaribu kukimbia polepole, aende hospitali iliyo na daktari wa mifupa. Kipimo changu cha tatu kati ya kumi hakimhusu huyo hata kidogo.

Haraka_Njoro
Na hiyo ya kinena ungemeza brufen ingenyamaza na ukavunjika kabisa. Sawa, nimeelewa sasa.

Mama_Siaya
Niongeze lingine la huku kwetu. Mwenye selimundu, au mwenye mtoto wa selimundu anayelalamika nyonga, msikae nyumbani mkisema amecheza mpira sana. Huku upande wa ziwa na magharibi tuko na selimundu nyingi, na moja ya mambo inayofanya ni kunyima kichwa cha mfupa wa paja damu mpaka kinaanza kufa na kubomoka. Kijana wangu alianza kuchechemea akiwa kidato cha pili na mwalimu wa michezo akasema anakwepa mazoezi.

Mrembo_wa_Shinyalu
Pole mama. Anaendeleaje?

Mama_Siaya
Anatembea na gongo moja, yuko chuo sasa. Kukimbia hapana, lakini baiskeli anaendesha kunishinda.

Fizio_wa_Ziwani
Mama umesema kweli. Pia waliotumia dawa za steroidi muda mrefu na wanaokunywa pombe sana wanaweza kupata hilo la mfupa kukosa damu. Nyonga ikikaza, huwezi kugeuza mguu kuelekea ndani, kuvaa soksi ni vita, hiyo ni kiungo, si kano ya pembeni.

Kabambe_58
Sasa zoezi gani? Mmesema misuli misuli hakuna mtu amesema tufanye nini.

Fizio_wa_Ziwani
Nilikuwa nangoja mleta uzi aulize 😀. Wiki za kwanza, kama inauma sana: simama, miguu upana wa nyonga, alafu jaribu kama unataka kuipasua sakafu katikati, unasukuma miguu nje lakini haiendi popote. Shikilia, pumua, legeza. Haionekani kama kazi lakini inatuliza kano. Alafu daraja: lala chali, magoti yamekunjwa, nyayo chini, inua makalio mpaka mapaja na kiwiliwili viwe mstari mmoja, shuka pole. Ukizoea miguu miwili, fanya na mmoja, na hapo uangalie kiuno kisiinamie upande. Baadaye kupanda ngazi moja pole pole, mguu unaouma ndio uko juu ya ngazi, mbele ya kioo kama unacho, goti lisiingie ndani. Siku moja fanya, siku moja pumzisha. Kano haiponi kwa wiki moja, ni mambo ya miezi, kwa hivyo usikate tamaa wiki ya pili.

Kwa mbio zenyewe: hatua fupi fupi za haraka. Hesabu hatua zako kwa dakika moja, kama ni 160 jaribu 168 kwa mwendo ule ule, usiongeze spidi. Hiyo asilimia tano tu inapunguza mzigo kwa nyonga na goti, sababu mguu unatua karibu na mwili badala ya mbele huko.

Jogi_wa_Kiamunyi
Nimerudi na ripoti, samahani nilipotea. Mto katikati ya magoti, walai, usingizi umerudi, mke ndiye analalamika mto wake umechukuliwa. Nimehama lami, nakimbia uwanjani na zile barabara za vumbi za nyuma ya Kiamunyi, na kilomita nimezirudisha chini. Daraja nafanya sebuleni watoto wakinipanda tumboni. Sahi maumivu ni moja au mbili nikikimbia, siku zingine hakuna kabisa. Lakini juzi nilijaribu Menengai, kupanda sikusikia kitu, kushuka ikaanza tena na kesho yake asubuhi ilikuwa kama nne. Kwani kushuka kuna nini?

Fizio_wa_Ziwani
Ukishuka kila hatua ni kufunga breki, misuli inashikilia uzito wako huku inarefushwa, na ukiwa umechoka nyonga inaanza kuinama. Kutoka ukingo wa kreta wa mita 2,278 mpaka town ya karibu 1,850 hiyo ni breki nyingi sana kaka. Panda ukikimbia, shuka ukitembea, au mtu akuchukue na gari huko juu. Uongeze kushuka mwisho kabisa, vipande vifupi.

Mzee_wa_Kapsabet
Kushuka ukitembea hakuna aibu. Hata sisi tulikuwa tunashuka tukitembea, ila tulikuwa tunasema tunaangalia ng'ombe.

Bodaboda_Bungoma
Na sindano? Kuna jamaa alichomwa ya steroidi hapo hapo pembeni akapona siku hiyo hiyo.

Fizio_wa_Ziwani
Inatuliza kweli, na wengine inawasaidia walale wakaweza kuanza mazoezi. Lakini nafuu yake mara nyingi ni ya wiki au miezi michache, na ukichomwa ukarudi kukimbia kilomita zako zote bila kuimarisha misuli, unarudi pale pale. Kuchomwa mara kwa mara kwa kano si kitu cha kukimbilia. Anza na mazoezi.

Bodaboda_Bungoma
Mimi siku nzima niko kwa pikipiki, jioni nakimbia kidogo, muda sina. Ukinipa zoezi moja tu ni gani?

Fizio_wa_Ziwani
Lala upande, ule mzima uwe chini, kiwiko chini ya bega, magoti umeyakunja, inua kiuno kitoke chini na ushikilie huku unapumua. Sekunde kumi, shuka, rudia mpaka uchoke. Ukiweza vizuri nyoosha miguu. Alafu geuza upande wa pili pia, na ikiwa huo unaouma ukiwa chini unakataa, rudi kwa ile ya kupasua sakafu kwanza. Hiyo unaweza kufanya hata stegini ukingoja abiria.